Mwacheni Tai Apumzike

Oktoba iliyopita nilisimama mbele ya wahitimu wa kidato cha nne, hapa Kamuli wilayani Kyerwa, nikiwa na maikrofoni inayokoroma na dakika tano za kuwaasa. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilikuwa na mengi ya kuwaambia. Nikawaambia waruke kama tai.

Nikaona haitoshi. Nikamnyooshea kidole mdogo wangu aliyekaa safu ya wageni, kijana mwenye stashahada na duka jipya la vifaa vya simu pale Nkwenda. "Mwoneni huyu," nikasema. "Hakusubiri ajira. Amepaa." Vigelegele vikapigwa. Mama yetu akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Duka lile lilifungwa Machi. Naandika haya kufuta kauli yangu, na kuwaomba wote wanaoendesha maisha yao kwa kuuza kauli hiyo waiache.

Tai ninayemsema mnamjua. Ni yule wa kumbi za semina, wa video fupi zenye muziki mzito, wa ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp saa kumi na moja alfajiri. Tai huyo hakai na kuku. Hali mizoga. Dhoruba ikija ndege wengine hujificha, yeye huifuata. Akifikisha miaka 40 hupanda mlimani, akajivunja mdomo kwenye mwamba, akajing'oa kucha na manyoya, akakaa miezi mitano, kisha akashuka kijana na kuishi miaka 30 mingine.

Ndege asiye na mdomo hali. Ndege asiyekula miezi mitano amekufa. Pungu hula mzoga akiukuta. Furukombe, yule mwenye kichwa cheupe anayependwa kwenye mabango, akiona ndege mwenzake amevua samaki humfuata ampore. Haya yangekuwa makosa madogo ya biolojia, na mimi si mwalimu wa biolojia, kama watu hawakuwa wanauza kahawa ya mama zao kwa sababu ya ndege huyu.

Ninachokijua mimi ni hewa. Niliijua kwa njia ya ajabu. Nikiwa chuo, mwenzangu wa bweni alikuwa na kompyuta yenye programu iitwayo Condor, inayoigiza urukaji wa glaida, yaani ndege isiyo na injini. Wenzetu wakicheza mpira wa kwenye skrini, mimi nilikuwa nikianguka. Nimeanguka kwenye mashamba ya mahindi, kwenye misitu, mara moja katikati ya mto. Sijawahi kukaa ndani ya glaida halisi. Lakini kuanguka mara 200 kwenye kompyuta kulinifundisha jambo ambalo hakuna msemaji wa semina amewahi kulitaja: kila kinachoelea angani bila injini, wakati wote, kinashuka.

Wakati wote. Glaida ya kawaida ya klabu hupoteza mita 1 ya kimo kila inaposonga mbele mita 35 hadi 40. Ikiwa mita 1,000 juu, katika hewa tulivu, ina safari ya kilomita 35 hadi 40, kisha ardhi. Kinachoiwezesha kukaa juu siku nzima ni jua. Jua hupasha moto sehemu moja ya ardhi kuliko nyingine, hewa ya pale ikapanda, na glaida ikazunguka ndani ya hewa hiyo inayopanda kwa kasi kuliko inavyoshuka yenyewe. Kisha inaondoka, inatelemka kuitafuta nguzo nyingine ya hewa, na inapotelemka inalipa.

Na ndivyo anavyofanya tai. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa wanyama Mwingereza, Colin Pennycuick, alifanya kazi Serengeti akiwa na glaida yenye injini ndogo, aina ya ASK 14. Akishapanda, alizima injini na kuzunguka pamoja na tumbusi, korongo na mwari, akipima wanavyopanda na wanavyosafiri. Tumbusi wanaokula mizoga, wale ambao semina zetu zinawatukana, ndio mabingwa wa kazi hii. Huondoka kwenye majabali wanapotaga na kwenda zaidi ya kilomita 100 kufuata nyumbu wanaohama, wakipiga mabawa mara chache tu. Hawaendi kwa kujiamini. Wanaisoma hewa. Wakiwa ndani ya hewa inayopanda hupunguza mwendo, wakikutana na inayoshuka huongeza. Asubuhi, kabla ardhi haijapata moto, wanakaa. Hakuna anayewaita wavivu.

Rubani hana mwili wa tumbusi, kwa hiyo hutumia chombo kiitwacho variometa. Variometa haipimi uko juu kiasi gani. Hupima kimo chako kinabadilika kwa kasi gani, kwa kuangalia kanieneo ya hewa inavyopungua au kuongezeka. Mshale ukienda juu unapanda, ukienda chini unashuka. Vya kisasa hulia pia: mlio mwembamba wa kupanda, mlio mzito wa kushuka. Simu nyingi siku hizi zina kihisio cha kanieneo, na zipo programu za bure za warukaji wa paraglaida zinazoigeuza simu kuwa variometa. Yangu niliinunua mtumba kwa ajili hiyo.

Niliipeleka kwenye kilima nyuma ya shule na kidato cha tatu. Kijana mmoja aliishika karibu na kifundo cha mguu, kisha akainyanyua haraka hadi juu ya kichwa. Simu ikalia kwa furaha. "Mwalimu, napaa!" Darasa likacheka. Miguu yake ilikuwa kwenye nyasi.

Kicheko kile sikukielewa mpaka duka la mdogo wangu lilipofungwa.

Marubani wa glaida wanaujua mchezo huo, na una hatari. Ukiwa unakwenda kilomita 150 kwa saa, ukivuta usukani mpaka mwendo ushuke hadi 90, glaida hupanda karibu mita 55 bila hewa kukusaidia chochote. Piga hesabu mwenyewe, ni ile kanuni ya nishati ya mwendo tunayoifundisha shuleni. Variometa isiyorekebishwa italia kwa shangwe. Rubani mgeni ataanza kuzunguka akidhani amepata hewa. Hajapata kitu. Amebadilisha mwendo kuwa kimo, na sasa hana mwendo. Ndiyo maana variometa nzuri huunganishwa na kirija maalumu kinachotoa hesabu ya mwendo, ili mshale uonyeshe nishati yote kwa jumla: uliyopata kweli, ukiondoa uliyojikopesha mwenyewe.

Sasa sikilizeni habari za mdogo wangu. Agosti alihudhuria semina ya siku mbili Kayanga, ya kulipia. Alirudi na daftari limejaa tai. Septemba aliuza kahawa ya mama kwa butura. Kwa msomaji wa mbali: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje mbichi mtini, kwa bei ya anayenunua, kwa sababu una shida leo na mavuno ni Mei. Ni biashara iliyopigwa marufuku na inayoendelea. Alipata nusu ya bei iliyokuja kulipwa msimuni. Juu yake akakopa laki tano za kausha damu, arejeshe laki sita na nusu baada ya mwezi mmoja. Akapanga fremu, akapaka rangi, akaweka taa za rangi ya zambarau. Kwenye status zake ulikuwa ukiona kontena la chaji mpya, ukiona spika, ukiona yeye amesimama mlangoni amekunja mikono.

Mshale ulikuwa juu kabisa. Nami, mwalimu wa fizikia, niliutazama nikaona kijana anayepaa. Sikuuliza swali moja ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote: hiki kimo kimetoka wapi? Kilitoka kwenye mikahawa ya mama. Kilitoka kwenye Desemba, Januari na Februari zake mwenyewe. Alikuwa amevuta usukani.

Mei mwenye butura alikuja na magunia yake. Mama aliwapikia chai wachumaji. Aliniambia mgeni ni mgeni.

Mtasema hapo tatizo ni mikopo na walanguzi, semina mnaionea bure. Walanguzi wana dhambi zao, na siwatetei. Lakini mlanguzi hakumwambia mdogo wangu kwamba anayeogopa ni kuku. Hilo aliambiwa ukumbini, kisha likarudiwa na mimi kwenye maikrofoni. Na kosa la ukumbini ni kubwa kuliko kutia watu moyo kupita kiasi. Ni kosa la kutoa ushauri mmoja kwa watu walio kwenye vimo tofauti. Ili lieleweke, lazima nirudi kwenye chombo.

Variometa ya kisasa ina hali mbili, kama simu ilivyo na hali ya kawaida na hali ya ndegeni. Ya kwanza ni hali ya kupanda: unapozunguka ndani ya hewa inayopanda, inakuambia unapanda kwa kasi gani. Ya pili ni hali ya safari: unapotoka nguzo moja kwenda nyingine, inakuambia uende kwa mwendo gani, uongeze au upunguze. Ni mshale uleule na mara nyingi mlio uleule, lakini maana zake ni mbili. Katika hali ya kupanda, mlio mwembamba husema "kaa hapa, panafaa". Katika hali ya safari, kwenye vifaa vingi, husema tu "punguza mwendo". Rubani anayesahau yuko katika hali ipi anatii jibu la swali ambalo hakuuliza.

Na hali ya safari haijui chochote mpaka rubani aiambie jambo moja: nguzo ya hewa inayofuata unatarajia ikupandishe kwa kasi gani? Hesabu hii inabeba jina la Paul MacCready, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956, yuleyule ambaye mwaka 1977 timu yake ilitengeneza ndege ya kwanza kushinda tuzo ya Kremer kwa kurushwa kwa miguu ya binadamu. Alibuni bangili ya kuizungushia variometa. Ukiamini mbele kuna hewa kali, unaizungusha kwenye namba kubwa, na inakuambia kimbia: kimo utakachopoteza utakirudisha haraka. Ukiamini mbele hakuna kitu, unaiweka sifuri, na inakuambia nenda kwa mwendo ule unaokufikisha mbali zaidi kwa kila mita unayoipoteza. Kwa glaida ya kawaida, tofauti ya sifuri na mbili inaweza kuwa tofauti ya kilomita 100 kwa saa na 140 au zaidi.

Namba ile haitoki angani. Ni matarajio yako, umeyaweka kwa mkono wako, na chombo kitayatii hata kama ni ndoto. Ndiyo maana wanaojua huonya: weka wastani, usiweke kilele. Variometa huwa na kipimo cha wastani wa sekunde 20 au 30 zilizopita, kwa sababu mshale hurukaruka. Rubani mgeni huona mshale umegusa nne mara moja, akatua na kuwasimulia wenzake kwamba amepata hewa ya nne. Wastani wake ulikuwa mbili. Siku ya kwanza ya duka mdogo wangu aliuza vitu vya laki moja na elfu sabini. Alinipigia simu akipaza sauti. Namba hiyo ndiyo aliyoipangia maisha.

Lakini hata wastani hautoshi. Kuna kanuni ambayo kila rubani wa safari huishika: unavyozidi kuwa chini, punguza namba. Ukiwa mita 2,000, ipite hewa dhaifu, una akiba ya kutafuta nzuri zaidi. Ukiwa mita 600, usibague. Nusu mita kwa sekunde, hewa ya hovyo inayoyumba, izungukie, ishukuru. Ukikaribia mita 300 acha kutafuta, uwe umekwisha kuchagua shamba la kutua, lisilo na nyaya wala ng'ombe, na utue ungali rubani. Glaida nyingi hutua mashambani kila msimu, watu wakaja na trela, wakacheka, kesho wakaruka tena. Miongoni mwa wanaokufa ni wale waliokuwa chini na bado wanatafuta.

Sasa tazama ukumbi wa Kayanga. Jukwaani kuna mtu aliye mita 2,000. Ana gari, ana nyumba ya kupangisha, ana kiingilio cha watu walioketi mbele yake. Biashara ikimfia, ana nyingine. Kwake "usikubali kidogo, lenga juu, kimbia" ni ushauri sahihi kabisa, na pengine ndio uliomfikisha pale. Chini kuna vijana walio mita 300, ambao chini yao kuna shamba moja tu la kutulia, nalo ni mikahawa ya mama. Anawapa namba yake. Wao wanaizungusha bangili mpaka nne, wanasukuma usukani mbele, na ardhi inakuja.

Simlaumu kwa kudanganya. Huenda anaamini kila neno. Namlaumu kwa kutouliza mtu hata mmoja pale ndani: wewe uko kimo gani?

Nimekwisha kuambiwa kwamba kwa maneno haya nawakatisha vijana tamaa, kwamba mfano ni mfano tu. Kama mfano ni mfano tu, tumieni kuku, naye ana mafunzo yake. Mlimchagua tai kwa sababu anaruka. Basi mchukueni pamoja na urukaji wake.

Na urukaji wake hauwabembelezi waoga. Namba sifuri nayo ina wafu wake, wanaokufa polepole. Rubani anayeogopa, akiingia kwenye hewa inayoshuka, hupunguza mwendo ili "aokoe kimo", na matokeo yake anakaa humo muda mrefu zaidi na kupoteza zaidi. Kanuni inasema kinyume: hewa ikishuka, ongeza mwendo, toka. Ninao wenzangu waliojitolea kufundisha shule ileile mwaka wa tano bila mshahara, wakisubiri jina lao litoke kwenye orodha ya ajira. Hewa inashuka na wao wanaenda taratibu. Wengine wako mita 1,500, wana nyumba, wana mashamba ya baba yasiyo na deni, lakini wanazungukia hewa ya nusu mita mpaka jua lizame, kwa sababu mara moja walimwona mtu akianguka. Hao ndio ningewaambia wazungushe bangili na waondoke. Hao, na si mdogo wangu.

Kwa hiyo ninachokidai ni kidogo. Anayesimama mbele ya vijana na maikrofoni, awe mchungaji, shehe, mbunge au mwalimu kama mimi, awaambie kwanza yeye yuko kimo gani na amekipataje. Awafundishe kuutofautisha mwinuko wa hewa na mwinuko wa kuvuta usukani: ukiona mtu amepanda ghafla, muulize ameuza nini. Awafundishe kusoma wastani wa miezi sita kabla ya kusimulia mauzo ya siku moja. Na awaambie kwamba kufunga biashara mapema, deni likiwa laki mbili, ni kutua shambani, na kwamba hakuna aibu humo. Mdogo wangu alijua Novemba kwamba duka halilipi. Aliendelea hadi Machi, akakopa mara mbili zaidi, kwa sababu Oktoba kaka yake alikuwa amemtangaza mbele ya kijiji kizima kuwa tai. Miezi minne ile naidaiwa mimi.

Siku hizi anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Jumapili moja ya Julai alinifuata kilimani. Walikuwa wamechoma nyasi upande wa chini na ardhi ilikuwa nyeusi, na juu yake mwewe saba walikuwa wanazunguka bila kupiga bawa. Nilimweleza habari za bangili, yote, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza akiwa anachimbachimba udongo kwa kijiti.

"Mimi sasa niko mita ngapi?" akauliza.

Nikamwambia deni lililobaki analijua yeye. Akalitaja. Tukapiga hesabu: hesabu ya pikipiki, mafuta, anachobakiza kwa siku. Alikuwa anapanda. Kidogo sana, lakini wastani ulikuwa juu ya sifuri, na hakuna alichouza.

"Nusu mita," nikasema.

"Kaka, hiyo ni hewa ya tumbusi."

"Ndiyo."

Akacheka. Simu yake ikaita, abiria wa kwenda Murongo, akainuka akajipangusa majivu kwenye suruali. Mahafali mengine ni Oktoba hii na wameshaniomba nizungumze tena. Nimewaambia nahitaji dakika 20, na ubao.